Unga wa Maganda ya Mayai

Mtu akikwambia "niko poa" mara tisa kwa siku moja, ujue hayuko poa. Felista alilijua hilo, ila alilipuuza wiki mbili nzima, maana mapenzi yana tabia mbaya ya kumfanya mtu aamini anachotaka kuamini. Kila alipomwandikia Melki, "Mguu unaendeleaje, nitumie picha," Melki alijibu, "Niko poa mpenzi, wewe kazana na masomo." Akikazania picha, alitumiwa picha ya uso. Uso ulikuwa mzuri, hatukatai, na yale macho mapole ndiyo yaliyomwangusha Felista miaka mitatu iliyopita. Lakini uso haukuvunjika. Kilichovunjika ni mguu.

Alhamisi asubuhi akampigia simu ya video. Melki akakata. Akapiga tena, ikakatwa tena. Felista akavua koti jeupe la maabara, akamwomba mwenzake Happiness amwangalizie visahani vyake, akaenda stendi ya Dodoma bila kutia kitu mdomoni. Ndani ya basi hakutulia. Alifungua dirisha, akalifunga, akatoa simu, akairudisha, akaitoa tena, mpaka mama mmoja aliyekaa kiti cha pembeni yake akamuuliza, "Dada, unasafiri au una kesi?"

"Nina mgonjwa."

"Pole. Basi tulia, utafika. Hata ukisimama, basi haliongezi mwendo."

Akajaribu kutulia. Wapi.

Kazi ya Felista ilikuwa ngumu kuieleza kwa watu, na hapo ndipo mkasa wote ulipoanzia. Mwilini mwa mtu kuna seli ambazo hazijaamua bado zitakuwa nini. Wasomi wanaziita seli shina. Ukizipa mahali pazuri pa kushikilia, zinaweza kugeuka mfupa. Mahali hapo ni kiunzi, kidude kidogo chenye matundu matundu kama sponji ya kuogea. Seli zinaingia humo, zinajishika, zinajenga, na kiunzi chenyewe kinayeyuka taratibu. Felista alikuwa akikitengeneza kwa madini yatokanayo na maganda ya mayai, na wauza chipsi wote wa karibu na chuo walimjua kama dada wa maganda.

Krismasi iliyopita, akiwa Ihanja nyumbani kwa akina Melki, akimenya mayai ya kuchemsha, alifanya kosa moja. Alijisifu.

"Mama, haya maganda msiyatupe hivi hivi," alimwambia Mama Melki. "Sisi huko chuoni tunayaoteshea mfupa."

Mama Melki alisimamisha mwiko. Melki yeye alicheka, kwa kuwa ni fundi ujenzi na alikuwa amelielewa jambo lile kwa njia yake. "Kumbe mimi na wewe kazi moja," alisema. "Mimi nafunga jukwaa mafundi wapandishe ukuta, wewe unafunga jukwaa seli zipandishe mfupa." Siku ile Felista alimpenda upya kwa maneno yale. Maprofesa walitumia kurasa nzima kusema kitu hicho hicho.

Mwezi wa nne, jukwaa la mirunda likamwangusha Melki akiwa anapiga lipu juu ya duka la mtu huko Ikungi. Mfupa wa muundi ukavunjika vibaya na kipande kikapotea. Hospitali walimfunga vyuma vya nje, wakamwambia arudi kliniki kila wiki, kidonda kikipona watachukua mfupa kwenye nyonga yake mwenyewe wazibe pengo. Alirudi mara moja tu. Kwenye foleni alimsikia mgonjwa mmoja akisimulia alivyokatwa mguu, na tangu siku hiyo Melki akawa "poa".

Saa nane na nusu Felista akashuka Ihanja. Mama Melki alikuwa uani anapepeta alizeti, kanga imefungwa kiunoni, uso umekunjwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama hakuinua kichwa. "Umekuja na hiyo dawa?"

"Dawa gani, mama?"

"Ya mifupa. Hiyo unayoiotesha huko shuleni kwenu."

"Mama, nilieleza. Siyo dawa, ni utafiti. Haijafika kwa watu."

"Ungekuwa mguu wa kaka yako, ingefika."

Felista akaupandisha mkoba begani. Toka mwanzo mama huyu hakumtaka. Alikuwa amemchagulia mwanawe binti wa jirani, mwenye mikono ya jembe na asiye na safari, na kila alipomwona Felista na mkoba wake wa vitabu aliuliza kama shule wanayosoma hao ina mwisho. Sasa juu ya hilo likaongezeka hili la kumnyima mtu dawa. Kando ya kinu palikuwa na ungo umeanikwa maganda ya mayai, meupe, safi kabisa. Felista akadhani ni ya kuku, maana wengi huwasagia kuku wao. Akapita.

Chumba kilinukia marashi. Mwanaume mgonjwa anajipulizia marashi ya nini mchana kweupe? Melki alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, shuka limefunika miguu mpaka kiunoni pamoja na joto lote lile. Alikuwa amekonda. Mashavu yameingia ndani, ila macho ni yale yale, na yalipomwona Felista mlangoni yakawaka na kuogopa kwa mara moja.

"Feli. Umekuja bila kusema."

"Ningesema, ungenikataza."

"Ningekukataza kweli."

Lakini alikuwa ameshanyoosha mkono. Felista akaushika. Ulikuwa mkono mpana, umekakamaa kwa saruji, mkono aliokuwa akiuota usiku bwenini, na kwa muda akasahau kabisa kilichomleta. Walitazamana tu. Kisha akagundua kwamba mkono ule unaunguza. Mapenzi yana joto lake, wote tunajua, lakini lile halikuwa la mapenzi.

"Una homa."

"Ni wewe hapo. Tangu umeingia mwili umepata moto."

"Melki, nionyeshe mguu."

"Kaa kwanza. Siku arobaini na moja sijakuona, halafu unaulizia mguu. Mimi nina mambo mengine pia."

"Nionyeshe."

"Umekula? Mama amechemsha..."

Felista hakungoja amalize. Alifunua shuka. Marashi yakashindwa kazi hapo hapo, na harufu nyingine ikapanda mpaka machozi yakamlenga. Alifungua bandeji polepole, mzunguko kwa mzunguko, kwa vidole vile vile ambavyo maabara vilisifiwa kwa utulivu. Chini yake kulikuwa na ukoko mweupe, mnene, umekauka kama lipu iliyopigwa na fundi mwanafunzi. Kuzunguka vyuma, usaha wa njano ulikuwa ukitafuta njia.

"Hii ni nini?"

Melki akatazama dirishani.

"Melkizedeki, nauliza, hii ni nini?"

"Maganda," akasema kwa sauti ndogo. "Mama anayatwanga, anachekecha, anachanganya na asali ya Rungwa. Ananipaka kila jioni."

Felista akakaa kitandani bila kukusudia. Ungo. Kinu. Mungu wangu, kuku gani.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Na wewe unamwacha? Mtu mzima, na akili zako, unatazama mtu anakutia unga wa maganda kwenye kidonda kilichofika mfupani?"

"Angekuwa mganga ningemfukuza, Feli. Lakini hili ni wewe uliyelisema."

Neno hilo lilimchoma vibaya. Alisimama, akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Chumba kilikuwa hatua nne tu na aliizunguka kana kwamba mlango ulikuwa umepotea.

"Mimi nilisema tunaoteshea mfupa," akasema mwishoni. "Sikusema tunapaka. Yale maganda tunayaoka kwenye tanuru kali kuliko hata la matofali, tunayachanganya na dawa, tunayapima, tunayasafisha mpaka hakuna kijidudu kinachobaki. Halafu ndiyo tunaweka seli. Kwenye kisahani, Melki. Kisahani cha ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai."

"Ulisema maganda."

Sauti ilitoka mlangoni. Mama Melki alikuwa amesimama pale, makapi ya alizeti yamemshika kwenye nywele.

"Ulikaa jikoni kwangu ukasema maganda. Mimi sikusoma, lakini masikio ninayo. Mwanangu analala na pengo mguuni, wewe unajua dawa, unaondoka nayo. Nifanye nini? Nimekusanya mayai ya kuku wangu wote. Nimeomba mpaka kwa majirani."

"Mama, umetia sumu kwenye damu ya mwanao."

"Mimi?"

"Hukujua, mama. Lakini ndivyo ilivyo. Ana homa, mguu unaoza. Lazima aende hospitali sasa hivi."

Mama Melki aliegemea mlango. Ubishi ulimtoka usoni, kikabaki kitu ambacho Felista hakuwahi kukiona kwa mama huyu. Ilikuwa hofu.

"Siendi," Melki akasema. "Nikienda wanakata."

"Hujui hilo."

"Na wewe hujui kwamba hawakati. Fundi wa mguu mmoja anapanda wapi? Feli, nisikilize. Kilete hicho kidude chako. Nakijua kipo. Niwekee mimi, niwe wa kwanza, nitasaini karatasi yoyote. Jukwaa langu liliniangusha, lako liniinue. Nimekaa hapa miezi nikingojea hilo tu."

"Halipo."

"Lipo, uliniambia unaliona kila siku."

"Halijawahi kuwekwa hata kwa sungura. Nitamaliza shahada, mwingine ataendelea, na mwingine tena, na huenda mimi na wewe tukawa na mvi siku mgonjwa wa kwanza atakapopewa." Alimpigia magoti kando ya kitanda. "Nilipaswa kukwambia hivyo tangu siku ulipoanguka. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unanitazama kama unavyonitazama sasa. Nilipenda kutazamwa hivyo. Nakupenda, Melki, na sina dawa. Yote mawili ni kweli."

"Si unaona," Mama Melki akasema, ila bila nguvu. "Anakimbia. Anataka wa ofisini, mwenye miguu yake miwili."

"Mama, ningemtaka wa ofisini, leo ningekuwa ofisini kwake."

Melki alifumba macho. Jasho lilimtiririka shingoni. Felista aliona anamponyoka, na akajua kwamba maneno ya kitabuni hayatamfikia mtu huyu, wala machozi. Akamshika kidevu, akamgeuza uso.

"Fundi, nikuulize jambo la kazi. Umeitwa mahali, wanataka ghorofa, nguzo unazo, mbao unazo, kila kitu. Unafika, chini ni tope linalobubujika. Unasimika jukwaa?"

Melki akamtupia mama yake jicho.

"Nakuuliza wewe, siyo mama."

"Hapana," Melki akasema.

"Unafanya nini?"

"Unachota tope. Unachimba mpaka ukute ardhi ngumu. Halafu unakausha."

"Na mwenye nyumba akikwambia simika hivyo hivyo, ana haraka?"

"Unafunga vifaa vyako unaondoka. Litaua watu."

"Basi hilo ndilo jibu langu. Hata kiunzi changu kingekuwa tayari, kimefungwa kwenye mfuko huu hapa, nisingekiweka kwenye mguu huu. Seli zangu zingekufa siku hiyo hiyo. Na wa hospitali hawawezi kukuwekea mfupa wa nyonga kwenye usaha. Twende wakachote tope kwanza, Melki. Mengine tutayajua tukishafika ardhi ngumu."

Melki akafumbua macho. Alimtazama muda mrefu, halafu, amini usiamini, akatabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo.

"Umenishika pabaya," akasema. "Mwiteni Innocent alete gari."

Innocent alikuwa jirani mwenye Noah kuukuu ya kubebea vitunguu, na hakuuliza maswali. Walilaza kiti, wakamlaza Melki, safari ya mjini ikaanza. Felista alikaa chini, kichwa cha mpenzi wake mapajani. Kila gari lilipopunguza mwendo alichungulia mbele kujua kuna nini, kila kidogo aliupapasa unyayo wa Melki kuhakikisha una uhai, akipiga hesabu za kilomita mpaka Innocent akamwambia, "Shemeji, breki unazikanyaga wewe huko nyuma, mimi naendesha kwa shida."

Karibu na mjini, Mama Melki akamsogelea sikio.

"Watauliza nani alipaka," akanong'ona.

"Watauliza."

"Watanifunga?"

"Hapana, mama."

"Wataniandika. Watanisema mbele ya watu, mwanamke mzima kamwozesha mwanawe. Kanisani nitaingiaje?" Akamshika Felista mkono kwa nguvu. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumshika. "Usinitaje. Nakuomba, mwanangu. Usinitaje."

Felista akamtazama mama yule na makapi yake kichwani. Akakumbuka jikoni, Krismasi, mayai, na mdomo wake mwenyewe.

"Sitakutaja," akasema.

Hospitali walimpokea haraka. Daktari wa zamu, mwanamke mfupi mwenye miwani aliyeitwa Dakta Jenipher, alifungua bandeji, akabonyeza vidole vya mguu kimoja kimoja akiviangalia vinavyorudisha rangi. Felista alihesabu pamoja naye kimoyomoyo.

"Damu inafika," daktari akasema. "Anaingia chumba cha upasuaji sasa hivi, tunasafisha mpaka mfupani. Kukata sijasema, wala kutokata sijaahidi. Mngechelewa mpaka Jumatatu tungekuwa na mazungumzo mengine." Akavua glavu. "Sasa niambieni. Nani aliyeweka uchafu huu kwenye kidonda?"

Mama Melki aliinamisha kichwa.

"Ni mimi," Felista akasema.

"Wewe ni nani?"

"Mchumba wake."

"Umepaka nini?"

"Unga wa maganda ya mayai, na asali. Wiki mbili."

"Unafanya kazi gani?"

Angeweza kudanganya, lakini uongo mmoja ulikuwa tayari unamtosha. "Nasoma, daktari. Shahada ya pili. Nasomea viunzi vya kuoteshea mfupa kwa seli shina."

Dakta Jenipher aliweka kalamu mezani taratibu. Alikuwa na hasira ya watu wapole, ile isiyopandisha sauti.

"Kwa hiyo unajua. Unajua kabisa usalama wa kitu kinachoingia kwenye mfupa, halafu umemfanyia majaribio mchumba wako kitandani kwake. Chuo gani? Na jina la msimamizi wako. Hili haliishii hapa, binti. Mtu kama wewe haruhusiwi kukaribia maabara."

Miaka sita ya Felista ya kusoma ilikuwa inaondoka hivi hivi, mbele ya macho yake, kwa maneno matatu manne. Alimtazama Melki aliyekuwa akihamishiwa kitanda cha magurudumu, macho yamefumba kwa sindano ya maumivu. Akapiga moyo konde. Akafungua mdomo ataje jina la profesa wake.

"Daktari," Mama Melki akasema.

"Subiri mama, naongea na huyu."

"Huyo unaongea naye bure. Anadanganya."

Mama Melki alikuwa amesimama wima, mikono imekamata ncha za kanga.

"Andika Magdalena," akasema. "Maganda nimeyatwanga mimi, kwa kinu changu, nikachekecha kwa chekecheke langu, nikampaka mwanangu kwa mkono huu. Huyu alikuwa Dodoma. Amefika leo saa nane na nusu, kufika saa tisa ameshanigombeza na gari limeshaitwa. Nilimwomba asinitaje, naye akakubali kuchafuliwa kwa ajili yangu." Akaionyesha kalamu ya daktari kwa kidole. "Usimwandikie mtu barua, daktari. Mkwe wangu amesoma. Hawezi kufanya ujinga kama huu."

Wauguzi walikuwa wameshaanza kusukuma kitanda. Melki akafumbua jicho moja, akainua shingo kwa shida.

"Mama," akasema, ulimi mzito, "umemwita nani?"

"Nyamaza," Mama Melki akamjibu, huku akijifuta machozi kwa kanga. "Nenda katibiwe mguu."